Mwambieni Jua Lihamie Uani

Kwenye mtaa wetu wa nyumba za mradi, huku Kigamboni, unaweza kukaa bila maji siku nne na usisikie hata pole kutoka kwa uongozi. Lakini thubutu kuanika shuka moja mbele ya nyumba, saa nne asubuhi, uone. Kabla halijakauka barua imeshafika. Ina mhuri, ina kumbukumbu namba, na ina picha ya shuka lako, imepigwa kwa ufundi ambao hata yule mpiga picha wa harusi yako hakuwa nao.

Wenyewe wanaita kulinda mandhari. Kamati ipo, yenye mwenyekiti, katibu na wajumbe. Kuna na mlinzi aliyekabidhiwa simu, kazi yake ni kupita asubuhi na kupiga picha za kila kinachochungulia mbele ya nyumba ya mtu. Kundi letu la WhatsApp, lililoanzishwa ili tuambiane umeme unarudi saa ngapi, siku hizi ni ukumbi wa maonyesho ya kamba za watu. Hawataji majina, wanaandika "mkazi mmoja". Kana kwamba hatujui! Nyumba zetu zinafanana, lakini kamba zetu hazifanani. Ikiwekwa picha ya jezi tatu za Yanga na dera la zambarau, mtaa mzima unajua ni kwa nani, na watani wa Simba wanapata la kusema hadi Ijumaa.

Msinielewe vibaya. Sitetei uchafu. Nikiona mtu anatupa maganda ya machungwa barabarani nanuna. Ila nimechoka kuishi ndani ya picha.

Nasema picha kwa sababu mambo yote haya yalianzia kwenye kipeperushi. Wakati wa kuuziwa nyumba, kila mnunuzi alipewa kipeperushi cha karatasi inayoteleza, chenye picha ya nyumba kama zetu. Mbele ya nyumba kuna gari jeupe. Kuna majani ya ukoka mabichi, yamekatwa sawasawa. Kuna mtoto mmoja ameshika puto, na mama yake amevaa suruali nyeupe. Nyeupe! Kigamboni, kwenye vumbi hili! Anatazama mbali, anatabasamu, hana la kufanya. Tafuta ndoo kwenye picha ile, huioni. Tafuta tangi, mtungi wa gesi, ufagio wa chelewa, kandambili mlangoni, hakuna. Hakuna shangazi aliyekuja kutibiwa Muhimbili akapitiliza miezi. Hakuna mtoto wa kaka anayesoma chuo. Watu wenyewe ni wawili tu, na mmoja ana puto.

Kanuni zetu zimenukuliwa kutoka kwenye picha ile. Kilichomo kinaruhusiwa, kisichokuwemo ni kosa. Puto hadi leo halijapigwa faini.

Tuanze na rangi. Rangi ya nje ya nyumba zetu ni krimu yenye namba yake, na ukitaka kupaka upya lazima uende dukani na namba hiyo, wakuchanganyie kwa mashine. Kwenye karatasi hakuna tatizo. Tatizo ni bahari, ambayo haikuhudhuria kikao. Upepo wa chumvi na jua la Kigamboni vinaipausha rangi ya nje haraka kuliko mshahara, na kuta zinazotazama mashariki ndizo zinazoumia zaidi. Leo nyumba zote za safu yetu zimefikia rangi ambayo haina namba katika duka lolote duniani.

Sasa nina jirani, mzee mstaafu wa bandarini, mtu wa utaratibu. Mzee huyu alisoma kanuni, akaziamini. Akanunua rangi yenye namba ileile, akaita fundi, wakakwangua, wakapiga msasa, wakapaka mikono miwili. Nyumba ikang'aa mpaka ukiamka usiku kwenda kunywa maji unadhani kumekucha. Baada ya siku chache akaletewa barua: rangi ya nyumba yako haiendani na nyumba za jirani.

Mzee hakugombana. Alitoa kiti nje (kosa jingine), akapanga juu yake kopo tupu lenye namba, risiti na kabrasha la kanuni, akawasubiri. Kamati ikaja na kadi yake ya rangi. Katibu akaibandika kadi ukutani kwa kiganja, wote wakasogea, wakainamisha vichwa. Kadi na ukuta havikupishana hata chembe. Wakaenda na kadi ileile kwenye nyumba ya pili, ambayo haijawahi kulalamikiwa. Kadi ikaikataa. Wakajaribu ya tatu, ikaikataa. Ukimya ukawa mwingi. Mwisho mwenyekiti akasema kwa upole, "Mzee wangu, wewe huna kosa. Subiri tu ipauke." Barua haikufutwa, kwa sababu kanuni hazina kipengele cha kufuta barua. Mzee anasubiri ukuta uchakae ili awe raia mwema.

Halafu kuna matangi. Kanuni inasema tangi la maji lisionekane kutoka barabarani. Lakini maji yenyewe yanakuja kwa mgawo, mara nyingi usiku wa manane, na mtu asiye na tangi huku ni mgeni wa majirani wenye tangi. Tangi nalo lina tabia yake: ili maji yafike bombani bila pampu ni lazima lipande juu, na likipanda juu litaonekana. Hiyo ni fizikia ya darasa la sita, haijali kamati. Basi kila mtu amebuni lake. Mmoja amelipaka tangi rangi ya anga, likapendeza kweli, mpaka masika yalipoingia na anga likabadilika. Mwingine amelijengea tangi kibanda chenye paa na dirisha, kikubwa kuliko jiko lake. Kibanda kimepitishwa bila swali. Kwa hiyo huku kwetu tangi linaishi vizuri kuliko mpishi.

Dishi la king'amuzi nalo lisikae mbele, hata kama mbele ndiko kwenye mawimbi. Geti liwe la mchoro mmoja, ingawa mafundi wa kuchomelea wote kuanzia Kibada hadi Mjimwema kila mmoja ana mchoro wake anaouamini, na hakuna anayekubali kukuchomelea geti lisilo na maua. Bustani iwe ya maua. Mchicha ni kosa, matembele ni kosa, na mpapai ulioota wenyewe ni kosa la mwenye nyumba. Jirani mmoja amepanda pilipili akasema ni maua mekundu. Kesi yake bado inasikilizwa.

Sasa niwaeleze ya mama mkwe.

Mama mkwe wangu alitutembelea kutoka Lindi, na katika mizigo alikuja na muhogo. Mtu wa Lindi haendi kwa binti yake mikono mitupu. Muhogo ukaliwa, mwingine ukabaki, na kwake chakula hakitupwi: akaumenya, akaupasua, akatandika mkeka mbele ya nyumba kwenye vile vitofali vya kuegeshea gari, akaanika makopa. Akavuta kigoda chini ya kivuli kidogo cha ukuta, akajifunika kanga, akaanza kulinda kunguru.

Mlinzi wa kamati akafika na simu yake. Ni kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Samahani, mama yangu, hapa mbele kuanika hakuruhusiwi."

"Kunaruhusiwa wapi?"

"Nyuma, mama. Uani."

Mama mkwe akainuka, akazunguka nyuma kwenda kujionea huo uani. Niwaambie alichokiona. Kati ya ukuta wa nyumba yetu na ukuta wa jirani kuna kichochoro cha kupita mtu mmoja na ndoo yake, na akikutana na mwenzake mmoja lazima arudi kinyumenyume. Chini kuna mfuniko wa chemba. Juu kuna kiyoyozi cha jirani kinachotupulizia joto na kudondosha maji. Jua huingia pale saa sita mchana, linaangalia saa, linaondoka.

Akarudi, akakaa kwenye kigoda chake.

"Mwanangu, nyuma hakuna jua."

"Ni kweli, mama. Lakini ndiyo kanuni."

"Basi mwambieni jua lihamie uani. Likihama, na mimi nitalifuata."

Kijana akacheka, akapiga picha yake, maana kazi ni kazi. Kisha akaweka simu mfukoni, akachuchumaa kwenye mkeka, akaanza kugeuza vipande kimoja kimoja. "Hivi vya upande huu bado vibichi, mama," akasema. Kumbe na yeye ni mtu wa Kusini, makopa ameyala tangu hajaota meno. Akamaliza kugeuza, akaaga, akaenda kupeleka ushahidi.

Barua ilifika jioni. Ilisema: "Vitu vyeupe visivyojulikana vimesambazwa mbele ya makazi yako." Visivyojulikana! Unga wa makopa umelisha mikoa mizima ya nchi hii miaka ya njaa na ya shibe, leo umefika kwenye mtaa wenye geti umekuwa vitu vyeupe visivyojulikana. Mama mkwe aliposomewa aliuliza swali moja tu: huyu aliyeandika kwao ni wapi?

Mimi swali langu ni tofauti. Huo uani ulikwenda wapi?

Maana uani ulikuwepo. Nenda Magomeni, Ilala, Temeke, au mabaki ya Kariakoo ya zamani, uitazame nyumba ya Kiswahili. Ukumbi unapita katikati, vyumba viwili viwili au vitatu vitatu vinatazamana. Mbele kuna baraza: pale wanakaa wazee, pale inachezwa bao, pale mgeni anapewa kahawa, na pale habari za mtaa zinapokewa na kuongezewa chumvi. Nyuma kuna uani, uwanja wa wazi wenye ukuta au wigo: pale kuna jiko, kinu, bafu, mtungi, kuku, na kamba za nguo kutoka pembe hadi pembe, juu yake anga tupu. Nyumba ile ilijua kwamba binadamu ana mbele na ana nyuma. Mbele walikaa watu na heshima zao, nyuma zikakaa kazi na siri. Nguo ya ndani haikuwahi kuonekana barabarani, na hapakuwa na kamati, mhuri wala faini. Ramani ya nyumba ilifanya kazi yote.

Aliyechora nyumba zetu aliufuta ua wa nyuma ili viwanja vitoshe vingi. Baraza akalifuta pia, ile nafasi akampa gari. Nguo, kinu, kigoda na bibi mwenyewe havikufutika, vikakosa pa kwenda, vikaja mbele kwenye jua. Ndipo likaja kabrasha la kanuni kuvikuta pale na kuviita uvunjaji wa mandhari. Ndugu zangu, umemnyang'anya mtu chumba cha nyuma, halafu unamtoza faini kwa kukutwa mbele!

Wala mji huu haukuanza leo kugombana na sura za nyumba za watu. Wajerumani walianza, Waingereza wakaendeleza: Dar es Salaam ikagawanywa maeneo matatu kwa aina ya majengo. Eneo la kwanza lilikuwa la majengo ya Kizungu, la tatu la vibanda vya wenyeji, na katikati likawekwa la pili. Kanuni za ujenzi zilizungumzia kuta na paa, hazikuwa na haja ya kumtaja mtu. Lakini kila mtu alijua nani ana pesa ya saruji na vigae na nani anaezeka kwa makuti. Wenyeji hawakusumbuka na namba za maeneo, wakayapa majina yaliyosema ukweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi, ili Uswahilini usikaribie mno.

Mtu asidhani ni mambo ya Afrika peke yake. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt ilianza kujenga mji wa nyumba zinazofanana karibu na New York, ukaitwa Levittown, wenye nyumba zaidi ya 17,000. Kanuni zake ungedhani katibu wetu alikuwa mjumbe. Uzio marufuku. Majani yakatwe kila wiki. Nguo zianikwe nyuma ya nyumba, tena siku za kazi tu, mwisho wa wiki zisionekane. Na kwenye mkataba huohuo kulikuwa na kipengele kingine: asiye Mzungu haruhusiwi kuishi humo, isipokuwa akiwa mtumishi wa ndani. Kwa maneno mengine, aliruhusiwa kuzianika nguo, si kuzivaa pale kama mwenyeji. Kanuni ya kamba na kanuni ya mtu zililala kwenye karatasi moja.

Nina shemeji anaishi Texas. Anasema kule chama cha wenye nyumba kinakuandikia kwa sababu ya majani marefu, kwa sababu ya pipa la taka lililochelewa kurudishwa ndani, kwa sababu ya boksi la barua lililochubuka rangi. Na ukidaiwa ada ukakaidi, nyumba inaweza kupigwa mnada. Nilipomsimulia ya makopa hakucheka, aliniuliza tu kama wamenipa siku ngapi za kujibu. Lakini hukohuko Marekani, jimbo la Florida lina sheria inayozuia kupiga marufuku kamba za nguo, kwa hoja kwamba kamba ni chombo kinachotumia nishati ya jua. Mnasikia? Kamba ya mama watoto wangu, ile ya manila iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha, ni mtambo wa nishati jadidifu. Nimeanza kuwajibu kamati kwa lugha hiyo.

Sasa niseme na haki, maana safu hii si ya kubomoa tu. Sitaki mtaa usio na kanuni. Nimewaona wanaoishi bila kanuni. Viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa vizuri miaka ya 1970 kwa mradi wa fedha za Benki ya Dunia, vikiwa na barabara na nafasi za wazi. Leo pita Sinza Ijumaa usiku utafute makazi: kuna baa inapigia gesti muziki, na gesti inamkaribisha mteja wa baa, katikati yao mwanafunzi wa kidato cha nne anajaribu kukariri jedwali la elementi. Wenzetu wa Nairobi wana Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka hiyohiyo kwa mpango uliosifiwa sana. Ukipita sasa unaona vyumba vya nyongeza na maduka yamemeza bustani za mbele moja baada ya nyingine. Jirani akijenga juu ya mtaro, maji ya masika yanaingia kwako. Akipiga ukuta hadi barabarani, gari la zimamoto halipiti. Hapo nataka kamati, tena kali, na mlinzi aje na simu mbili.

Na ziko kanuni za sura ya nyumba ambazo nazivulia kofia. Vuka bahari uende Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kule huwezi kuamka ukabandua mlango wa kuchonga ukaweka wa alumini, wala kupiga plasta ya saruji kwa kuwa fundi wako hajui nyingine. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji unyevu unabaki ndani, ukuta unaoza taratibu, plasta inabanduka, na siku moja dari linashuka bila hodi. Kanuni ile ukiiuliza kwa nini, ina jibu. Unaweza kumweleza mama mkwe wangu akaelewa, na akamfokea fundi yeye mwenyewe.

Hicho ndicho kipimo changu. Kanuni yoyote ya mtaa ipelekwe kwa bibi mwenye kigoda, aulize "kwa nini?" mara moja tu. Ya mtaro itapita. Ya muziki wa usiku itapita. Ya taka itapita kwa makofi. Ya makopa itakaa hapo inakuna kichwa.

Nilijaribu kuyasema haya kwenye mkutano mkuu wa wakazi. Ajenda ilikuwa ndefu, na tulipofika kwenye kipengele cha maturubai ndipo watu walipoamka. Kanuni mpya ilipendekeza kwamba anayetaka kufunga turubai na kupanga viti vya plastiki mbele ya nyumba aombe kibali siku 14 kabla. Mama mmoja wa nyumba za mwisho akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, kwa kicheni pati na harusi nimeelewa. Na msiba?" Mwenyekiti akauliza, msiba umefanya nini. "Nauliza mtu akitaka kufa, aombe lini?" Ukumbi ukaanguka kicheko. Mwenyekiti akafuta miwani, akamnong'oneza katibu, katibu akapekua kabrasha mbele na nyuma. Jibu likatoka kwamba suala hilo limepokelewa na litapelekwa kwenye kamati ndogo. Mpaka ninapoandika kamati ndogo haijarudi, kwa hiyo nawasihi wakazi wenzangu tujitahidi kuwa hai.

Huyo mwenyekiti, niseme ukweli, namheshimu. Mngependa niwaambie kwamba kwake ndiko kumejaa kamba na mchicha. Hapana. Anazifuata kanuni zote, na ndiyo maana sura yake imechoka. Tangi lake limefichwa chini, kwa hiyo maji hayapandi, anaoga kwa kopo. Nguo za nyumba nzima zinakauka bafuni, kwa hiyo shati lake la mkutano linanuka unyevu hata akilipulizia marashi. Dishi lake liko nyuma, kwa hiyo mechi anakuja kuitazama kwa yule mzee wa bandarini, kwenye nyumba inayosubiri kupauka. Anaishi ndani ya kipeperushi peke yake na mkewe, na hata puto hana.

Ninachoomba si kikubwa. Kamati ipunguze picha, ichukue kalamu, ituwekee uwanja mmoja wa kuanikia. Kona ya mashariki ya mtaa kuna kipande kilichoandikwa "bustani ya mapumziko" ambacho tangu tuhamie kimepumzika chenyewe. Tieni nguzo, fungeni kamba, jengeni ukuta wa mapambo kuzunguka kama mnaona haya. Ruhusuni baraza mbele ya kila nyumba, dogo tu, la watu wawili na birika. Matangi yawekewe minara ya pamoja. Kwenye turubai, msiba uondolewe kwenye siku 14 leo hii, pasiwe na mjadala.

Na ninyi mnaochora nyumba za miradi inayokuja, maana kila mwezi nasikia mradi mpya, rudisheni ua. Najua ardhi ni ghali. Punguzeni sebule, sisi wenyewe tunakaa nje. Mkirudisha ua, nusu ya kabrasha la kanuni litakufa bila kufukuzwa, na kamati itapata muda wa kuulizia maji.

Kwako wewe unayejiandaa kununua: usihangaike na vigae vya sakafuni wala makabati ya jikoni, hivyo vyote vinabadilishwa. Nenda saa nne asubuhi, uone jua liko upande gani wa nyumba. Kisha mwambie muuzaji akuonyeshe kwa kidole mahali pa kuanika shuka. Akikuonyesha kipeperushi, ondoka.